Nilichambua majina ya mwanzo wa filamu mbele ya ukumbi mzima hapa Babati, nikagusa kikombe nilichokatazwa

Wakuu, habari za majukumu.

Jambo hili nimekaa nalo wiki ya tatu sasa. Nimejaribu kuligeuza hadithi fupi nikashindwa, kila nikianza kulipamba linanikataa. Nimeamua kuliweka hapa lilivyo. Majina ya watu nimeyabadilisha, isipokuwa moja. Hilo moja nimeomba ruhusa kwa aliyelitoa kuliandika, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, nakaa Nakwa, naandika. Nina riwaya moja iliyokamilika isiyo na mchapishaji na nyingine inayoninyima usingizi. Hapa mjini tuna kikundi cha wasomaji, watu tisa, tunakutana Jumamosi mchana. Tunasoma, tunabishana, tunakunywa chai, tunarudi makwetu tukiwa tumenuniana kidogo kwa ajili ya aya moja ya mtu. Ndiyo raha yetu.

Mwenzetu mmoja, Paskali, haandiki. Anapiga filamu.

Mwaka jana aliazima kamera, akaenda kwao Sigino, akakusanya majirani na baadhi yetu wanakikundi, mimi nikiwemo, akatengeneza drama ya dakika sabini. Akaiita Maji ya Pili. Inamhusu mwanamke anayerudi kwao baada ya miaka mingi na kukuta kila kitu kipo, isipokuwa nafasi yake.

Kikundi tukakubaliana tuionyeshe kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, Jumamosi saa nane mchana, watu waje bure. Na kabla ya filamu yenyewe, mtu mmoja asimame achambue ule mwanzo wake, yale majina yanavyopita, ili watu wajifunze kutazama.

Mtu huyo nikawa mimi.

Nisimame kidogo hapo. Wengi wetu majina ya mwanzo tunayaona kama foleni ya kupita. Kwenye mabanda ya video ndio wakati wa kununua karanga na kugombania benchi. Mimi siko hivyo. Kwangu zile dakika mbili za kwanza ni mlango wa nyumba. Mwenye nyumba ameshaamua uingie umeinama au umesimama, uvue viatu au uingie navyo. Rangi ya herufi, sauti inayosikika kabla ya picha, jina la nani limewekwa juu ya kitu gani, vyote hivyo ni maneno. Nilishawahi kuongea saa nzima kuhusu jambo hili mpaka wenzangu wakaondoka mmoja mmoja. Kwa hiyo walinijua.

Paskali akanitumia kipande cha mwanzo kwenye simu. Dakika mbili na nusu.

Kinaanza na giza. Unasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, kisha chombo kikisuguliwa kwa majivu. Jina la kwanza linatokea gizani, jeupe, dogo.

Halafu panapambazuka, unaona mikono ya mwanamke. Uso hauonekani hata mara moja. Anaosha vikombe vya bati vyeupe, vile vyenye mdomo wa buluu. Kila akimaliza kimoja anakifunika kwenye kichanja cha vyombo, na kila kikombe kikifunikwa, jina linajiandika juu yake. Kikombe, jina. Kikombe, jina. Vikombe sita.

Kisha anamwaga yale maji kwenye mchicha uliopandwa pembeni ya jiko. Anamimina maji mengine. Anachukua kikombe cha saba, anakiosha peke yake, anayamwaga maji kule kwingine, na kikombe anakiweka juu ya jiwe karibu na ukuta. Mbali na kichanja.

Kamera inabaki pale. Kuku anapita. Moshi unapita. Kikombe kiko peke yake juu ya jiwe, halafu ndipo linakuja jina la filamu.

Wakuu, niliangalia kile kipande mara kumi na nne. Nilisisimka. Kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka niliona jambo ambalo niliamini hata Paskali mwenyewe hajui kama amelifanya: kikombe cha saba hakina jina. Kimeoshwa kwa maji mapya, maji safi, kikawekwa mahali pake, kinasubiri. Nikaandika kwenye daftari, kwa wino mwekundu: *Hiki ni kikombe cha mgeni. Ni chako wewe unayetazama. Karibu.*

Nilijipongeza. Nililala na sentensi ile kama mtu aliyelala na barua ya mchumba.

Siku mbili kabla ya onyesho nikakutana na Paskali stendi. Nikamwambia nimeshamaliza kuandaa. Badala ya kufurahi akatazama chini.

"Chambua yote," akasema. "Sauti, herufi, mikono. Ila kile kikombe cha mwisho kiache."

"Kukiacha kivipi? Hicho ndio moyo wa kitu chote."

"Ndio maana nakuomba ukiache, dada."

"Basi niambie kwa nini."

"Mama atakuwepo. Na Bibi atakuwepo." Akapanda pikipiki, akaondoka.

Nilichukia. Nikasema huyu anaogopa. Amefanya kitu kikubwa na sasa anataka kukifunika kwa aibu ya kijijini. Na kosa langu lilianzia hapo hapo, kwa sababu nilirudi nyumbani nikakihamisha kile kikombe kutoka katikati ya uchambuzi wangu, nikakiweka mwishoni, kama kilele.

Sasa niwaeleze kilichokuwa hatarini, ingawa mimi siku ile sikukijua.

Kule Sigino, kwenye ua mmoja, wanakaa wanawake wawili. Mmoja ni Bibi, mama mzazi wa marehemu baba yake Paskali. Mwingine ni Mama Paskali, mjane. Pale ndipo pekee anapopaita kwake. Wanaamkiana asubuhi, wanapalilia mahindi na maharage shamba moja, Jumapili wanakwenda kanisani njia moja, mmoja mbele na mwingine nyuma. Lakini majirani watakwambia hawajawahi kukaa wakanywa chai pamoja, na hakuna anayethubutu kuuliza. Amani yao ilikuwa kama kibanda cha mabua: inakaa mradi usiiegemee. Neno moja la aibu mbele za watu, na Bibi akiamua kusema "toka kwangu", hakuna mtu kwenye ukoo ule mwenye umri wa kumbishia.

Paskali alijua hivyo. Mimi nilijua sentensi yangu tu.

Jumamosi ikafika. Tulifunika madirisha kwa mablanketi, tukatundika shuka jeupe ukutani. Paskali akakaa na laptop na projekta katikati ya ukumbi. Walikuja watu kama sitini hivi.

Bibi aliwekwa mstari wa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, shuka lake begani, fimbo katikati ya magoti. Nikaenda kumsalimia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndio wa maneno?"

"Ndio mimi, Bibi."

"Sema kwa sauti. Masikio yangu yamechoka, macho bado."

Mama Paskali hakukaa. Alikuwa nyuma kabisa mlangoni na chupa zake za chai na beseni la maandazi, kwa sababu chai ya siku ile alipika yeye. Kitenge kipya, kichwa kimefungwa vizuri. Nilimwona anamtazama mwanawe zaidi ya anavyolitazama lile shuka la ukutani.

Tukaanza.

Nilimwomba Paskali acheze sauti peke yake, gizani. Maji. Majivu yanasugua bati. Nikawauliza watu: mnasikia nini? Mtu akasema, "Asubuhi." Mwingine, "Mama anaosha vyombo." Nikasema angalieni, hatujaona kitu na tayari tuko nyumbani kwa mtu. Vichwa vikatikisika. Nikapata nguvu.

Nikaenda kwenye mikono. Nikasema kwa nini uso umefichwa. Nikaenda kwenye herufi ndogo zisizopiga kelele. Nikaongea kuhusu kila jina kukaa juu ya kikombe, kwamba huyu mtengenezaji anatuambia watu waliofanya kazi hii ni familia moja inayokunywa pamoja.

"Dada mwandishi!" Huyo alikuwa Elia, fundi pikipiki, kutoka benchi la nyuma. "Filamu lini? Tutaoshewa vyombo mpaka jioni?"

Ukumbi ukacheka.

"Mwache," mwingine akadakia. "Huyo ukimpa hata kiberiti atakisoma, akuambie kuna msiba ndani."

Na mimi nikacheka. Nilikuwa na furaha kabisa. Nikasema, "Vumilieni, bado kimoja. Paskali, twende kikombe cha saba."

Paskali hakubonyeza.

"Twende, Paskali."

Alinitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mfupi na kwake, nafikiri sasa, ulikuwa mrefu sana. Kisha akabonyeza.

Maji ya kwanza yakamwagwa kwenye mchicha. Maji ya pili yakamiminwa. "Simamisha," nikasema. "Tazameni hapa. Vikombe sita vimetumia maji mamoja. Hiki amekibadilishia maji. Kwa nini? Kwa sababu ni cha heshima. Hiki, ndugu zangu, ni kikombe cha mgeni."

Nilitegemea minong'ono ya kukubali.

Badala yake mama mmoja mtu mzima, anaitwa Mama Veronika, anakaa Mutuka na anauza mbegu sokoni, akasema taratibu, "Hapana, mwanangu."

"Hapana kivipi, mama?"

"Si cha mgeni hicho. Mwambie huyo kijana aendelee kidogo. Uone maji yanakwenda wapi."

Paskali akaendelea. Na mimi, niliyetazama mara kumi na nne, kwa mara ya kwanza nikaona. Kwenye simu ile mikono ilipotelea ukingoni, chini ya nyufa za kioo, na maji yakamwagwa "kule kwingine". Kwenye shuka kubwa palionekana kule ni wapi. Ukingoni kabisa mwa picha kulikuwa na miti ya ua. Yule mwanamke alinyoosha beseni akamwaga maji nje ya ua, upande wa pili.

"Umeona?" Mama Veronika akasema. "Yale ya kwanza amenyweshea mboga. Haya hayatakiwi ndani. Hicho ni kikombe cha mtu aliyetengwa."

Wakuu, hapo ndipo ningenyamaza. Nilikuwa nimeshaambiwa nimekosea, na kuna njia mia za kusema asante na kupita. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, na nilikuwa na kipaza sauti mkononi.

"Mama, tufafanulie," nikasema. "Sisi wengine tumekulia mjini."

Ni kweli. Mimi ni mtoto wa watu hao hao waliotoka nyanda za Mbulu, lakini nimezaliwa Nakwa, mtoto wa mwalimu, mambo mengi ya kwetu nimeyasoma kwenye makaratasi ya wengine.

Mama Veronika akasimama. Akaeleza bila haraka, kama anapima maharage. Kwamba zamani, mwanamke akifiwa na mtoto mchanga, alihesabiwa kuwa amebeba kitu kinachoweza kuwafikia wengine. Alikaa peke yake, kibanda chake, moto wake, kikombe chake. Haendi kuchota maji na wenzake. Hapitishi miguu kwenye ua wa jirani. Watu hawamtembelei. Mpaka muda uishe, na muda huo wazee ndio waliojua unaisha lini.

"Na nani anayemtenga?" kijana mmoja akauliza.

"Nyumba yenyewe," Mama Veronika akasema. "Mama mkwe ndio mwenye nyumba. Anafanya alivyofanyiwa."

Nikageuka kumtazama Paskali nipate msaada. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili usoni.

Nikatazama nyuma. Mama Paskali alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi, ameiinamisha, hamimini.

Kisha nikatazama mbele. Bibi hakuwa amegeuka hata kidogo. Alikuwa analitazama lile shuka, ile picha Paskali aliyoisimamisha kabla kuku hajapita, kikombe juu ya jiwe. Vidole vyake vilikuwa vinahama juu ya fimbo, kimoja kimoja.

Nikaelewa. Yote kwa mpigo, kama ndoo ya maji ya baridi. Ule ukuta ulikuwa ukuta wa kwao Paskali. Lile jiwe lilikuwa bado liko pale Sigino, nililikalia mimi mwenyewe siku ya kupiga picha nikila mahindi ya kuchoma. Ile mikono iliyoficha uso ilikuwa mikono ya mama yake.

Nikasema haraka, "Asanteni sana, nadhani sasa tuingie kwenye filamu..."

Bibi akagonga fimbo sakafuni. Mara moja.

"Rudisha."

Paskali akashusha viganja usoni.

"Paskali. Rudisha mwanzo. Kuna maandishi pale." Akaninyooshea fimbo. "Mimi sijui kusoma. Wewe wa maneno, nisomee. Kikombe kimoja kimoja."

Paskali akarudisha. Maji yakamiminwa gizani, majivu yakasugua bati.

Nikaanza kusoma.

Kikombe cha kwanza nikasoma jina la mwigizaji mkuu. Bibi akasema, "Namjua, mtoto wa Gidabuy." Cha pili. "Namjua." Cha tatu ilikuwa jina la mpiga kamera. "Huyo simjui." Cha nne kilikuwa jina langu. "Ni mimi, Bibi." Akaguna. Cha tano. Cha sita kilikuwa Paskali mwenyewe, na Bibi akasema, "Wa kwetu."

Maji kwenye mchicha. Maji ya pili. Maji nje ya ua.

Kikombe juu ya jiwe.

Kuku akapita, moshi ukapita. Na pale, wakuu, juu ya bati jeupe lililochakaa, likatokea neno moja kwa herufi nyeupe ambazo simu yangu haikuwahi kunionyesha. Neno moja tu. Halina jina la baba, halina kazi iliyofanywa.

"Kuna kitu?" Bibi akauliza.

Ukumbi mzima ulikuwa unalisoma. Watu sitini wameona, na mtu mmoja, mwenye kuandikiwa, hawezi kuona. Nilifikiri kumdanganya. Nawaambia ukweli, nilifikiri. Ningesema, "Ni jina la filamu tu, Bibi," na nani angenisuta? Wote wangeshusha pumzi. Mama Paskali angerudi Sigino jioni ile na kulala alipolala siku zote.

Nikatazama mlangoni. Sikumwuliza kitu kwa mdomo.

Mama Paskali akaweka chupa ya chai chini. Akafuta mikono kwenye kitenge chake kipya, huku na huku, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Soma, mwanangu," akasema.

Nikasoma. "Yasinta."

Fimbo ya Bibi ikasimama. Nilihesabu magari mawili yakipita barabarani.

"Alipewa jina?" Bibi akauliza.

Hakuniuliza mimi. Aliuliza akitazama mbele, na swali likapita juu ya vichwa vya watu mpaka mlangoni.

"Ndio, mama," Mama Paskali akajibu.

"Nani alimpa?"

"Mimi. Usiku, tukiwa wawili tu. Siku moja kabla hajaondoka."

"Mimi nilijua ameondoka bila jina. Tulimzika bila jina."

"Alikuwa nalo, mama."

Bibi akawa kama anatafuna kitu. "Miaka yote hii ulikuwa unamwita peke yako?"

Mama Veronika aliyekuwa bado amesimama akakaa chini polepole, na Elia, yule wa vyombo mpaka jioni, alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani.

Nilisubiri lile neno. "Toka kwangu." Nilikuwa naliona linakuja. Nilikuwa nahesabu kichwani kama chumba changu cha Nakwa kina nafasi ya mtu mzima mmoja wa kulala, kwa sababu kama anafukuzwa, anafukuzwa kwa mdomo wangu.

Bibi akainua fimbo. Akaielekeza kwenye shuka.

"Endeleeni na picha yenu," akasema.

Ikaendelea. Dakika sabini. Nisiwadanganye, sikuiona. Nilikaa sakafuni pembeni ya ukuta, nikitazama kisogo cha mwanamke mzee aliyekaa wima bila kuegemea kiti, na kila mara nilitazama mlangoni kuona kama yule mwingine bado yupo. Alikuwepo. Watu walicheka pale pa kucheka, na mwishoni wakapiga makofi kwa heshima, si kwa shangwe.

Madirisha yakafunguliwa, mwanga wa jioni ukaingia, watu wakaanza kwenda kwenye chai. Kelele zikarudi kidogo kidogo. Nikamfuata Paskali nimwombe radhi. Akatikisa kichwa.

"Unajua kwa nini niliweka majina kwenye vikombe?" akaniambia. "Bibi hasomi. Ila kuhesabu anahesabu. Nilitaka ahesabu saba mwenyewe, kimya kimya, aamue kuona au kutoona. Wewe ukampa ukumbi mzima."

Mimi nilikuwa nimezungumza nusu saa kuhusu vile vikombe bila kujiuliza vimeandikwa kwa ajili ya nani.

Hapo ndipo tukasikia sauti ya Bibi. Hakuwa ameondoka kwenye kiti chake.

"Mama Yasinta."

Hakuna aliyegeuka. Pale ukumbini hapakuwa na mtu wa jina hilo. Watu waliendelea kugombea maandazi.

"Mama Yasinta!" Safari hii na fimbo sakafuni.

Mama Paskali alikuwa anammiminia Elia chai. Nilimwona anasimama vile vile, chupa imeinama, chai inajaa, inafika mdomoni mwa kikombe, inamwagika juu ya vidole vya Elia, na Elia, kwa heshima yake nitamnunulia soda maisha yangu yote, hakusema hata "aah".

"Abee, mama," akaitika.

"Watu wote wana chai," Bibi akasema, kwa ule ule ukali wake wa siku zote. "Mimi mbona sijapata? Lete. Na chako ulete, ukae hapa."

Akaleta. Vikombe viwili. Elia akasogeza kiti.

Sikusikia walichoongea na sikusogea ili nisikie. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa na adabu.

Wakuu, nisijipe sifa. Mambo yaliisha vizuri, lakini si kwa akili yangu. Kama Bibi angekuwa mtu mwingine, au angeamka vibaya tu siku ile, leo ningekuwa naandika uzi wa aina nyingine na nisingekuwa na uso wa kuuandika. Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu. Mwanzo wa filamu unaweza kuwa barua ya mtu kwa mtu mmoja, na sisi wengine tunaopewa kuisoma tumeazimwa macho. Uhodari wangu wa kusoma alama ulinifanya nione "karibu" mahali palipoandikwa "kaa mbali". Na mtu akikuambia "hapa usiguse", huyo tayari ameshakupa nusu ya uchambuzi. Kaa naye, mwulize vizuri, au nyamaza.

Ile sentensi yangu ya wino mwekundu nimeichana.

Jumapili iliyopita nilikwenda Sigino kuomba ruhusa ya kuandika haya. Kikombe kile sasa kiko kwenye kichanja na vingine. Majirani wote bado wanamwita Mama Paskali, na mwenyewe anaitika. Mtu mmoja tu ndiye anayemwita lile jina lingine, kutoka jikoni, kwa sauti ya kugomba, mara nyingi kwa siku.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kujua mila hii kuliko mimi anisahihishe. Mwenye filamu ambayo mwanzo wake ulimwambia kitu atuambie. Na wa kunitukana kwa kushika kile kipaza sauti, nitasoma yote, nimestahili.

Ombi moja tu. Kwenye maoni yenu msiandike "yule mtoto".

Andikeni Yasinta.